Faili linafika kwenye seva lakini halifunguki

Pole kwa usumbufu. Umesema picha na faili za zipu unazopakia kwa FTP (njia ya kuhamisha faili kwenda kwenye seva) zinafika lakini hazifunguki, na nyingine zimekatika. Hayo huenda ni matatizo mawili tofauti, kwa hiyo anza kwa kulinganisha ukubwa pande zote mbili, tena kwa baiti. Megabaiti zinakadiriwa na zitakudanganya.

Tofauti ikiwa ndogo, mimi ningeshuku hali ya ASCII, yaani FTP kulihamisha faili kana kwamba ni maandishi matupu. Hali hiyo hubadilisha alama za mwisho wa mstari, mfano baiti mbili zenye thamani 13 na 10 zikabaki ile ya 10 peke yake. Maandishi hayadhuriki, ila picha ndiyo basi tena. Weka hali ya bainari, inayohamisha baiti zote bila kuzibadilisha, upakie upya. Faili lililokwisha haribika usihangaike kulikarabati.

Faili likiwa limepungua sana, huenda muunganisho ulikatika au diski imejaa: endesha `df -h` kwenye seva uone nafasi iliyobaki.

Ukubwa ukilingana na bado halifunguki, endesha `sha256sum` kwenye nakala zote mbili; amri hiyo hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo kwenye faili. Hata alama moja ikitofautiana kati ya mifuatano hiyo, faili si lile. Ikifanana, basi huenda nakala yako ya awali ndiyo mbovu.

Kwa mafaili makubwa, kama una SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva), tumia `rsync --partial`, amri ya kunakili faili inayohifadhi sehemu iliyokwisha kufika; mtandao ukikatika, ukiirudia amri hiyo haianzi sifuri.