Mume wangu alimtazama mwanetu, akaona Mchina

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dodoma aliniandikia. Mtoto wake ana siku 18, mweupe, na mumewe hajampakata tangu watoke hospitali. Anauliza: "Dada, nimwambie twende tukapime DNA, au nikikubali kupima nitakuwa nimekiri?" Ujumbe ule nimeusoma mara tatu, kwa sababu swali hilo lilinikaa kooni mwaka 2016 na sikuwa na wa kumuuliza. Namjibu hapa, na wengine mlio katika hali hiyo msome.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Niliolewa Kondoa na Mrangi, wakati barabara ya Dodoma hadi Babati inajengwa, ile iliyozinduliwa 2018. Nikapata ukarani wa stoo kwenye kambi ya mkandarasi Mchina. Naandika saruji iliyoingia na dizeli iliyotoka, jioni gari la wafanyakazi linanishusha karibu na nyumbani. Mshahara ule ndio uliezeka nyumba yetu, nasema ili ijulikane kambini nilifuata nini.

Zuhura alizaliwa mwezi wa saba, alfajiri. Mweupe, macho mawili kama mistari iliyochorwa kwa kalamu. Saa mbili asubuhi wifi yangu akaingia wodini na chupa ya uji wa pilipili manga. Akafunua kanga, akamtazama mtoto, akafunika. Kisha akafunua tena. Ile mara ya pili sitaisahau mpaka naingia kaburini. Akasema, "Wifi, huyu katoka na macho ya kazini kwako."

Mume wangu alimwadhinia mtoto kama inavyopasa. Baada ya hapo akawa mgeni katika nyumba yake. Hakunigombeza hata siku moja, na kimya chake kiliniumiza kuliko ugomvi. Ananiuliza tu, akiwa amenipa mgongo, "Yule msimamizi wenu bado yuko?" Mama zetu wanajua kwamba watoto wetu wengi huzaliwa weupe, rangi ikapanda taratibu kadiri ngozi inavyotengeneza melanini, na kwamba rangi itakayokuja unaiona mapema kwenye ncha za masikio na pembeni mwa kucha. Nilimwonyesha masikio ya Zuhura. Akayatazama kama mtu anayekagua noti akihofia ni bandia.

Hapo ndipo nilipokosea, na dada yangu wa Dodoma nataka ulisikie hili kwanza. Nilianza kujitetea bila kushtakiwa. Niliapa kwa Msahafu usiku wa manane. Niliacha kazi bila kuambiwa niache, nikidhani nampa amani, na yeye akasoma kwamba nakimbia kitu. Usiache kazi yako. Usimfiche mtoto ndani watu wasimwone. Kila ulichokiacha kwa hofu, mwenye shaka anakihesabu upande wake.

Zuhura alipofika miezi minne nikachoka. Nikamwambia, "Baba Zuhura, swali lako liseme kwa mdomo." Akalisema. Nililia, lakini ule ndio usiku wa kwanza tuliozungumza. Twende tukapime, nikamwambia, na nikaweka sharti moja: tunakwenda wote, mchana, bila siri.

Kwa wasiojua, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huendi tu dirishani ukasema nipimieni mtoto. Ipo sheria ya vinasaba, yaani DNA, ya mwaka 2009, na ombi linapitia mamlaka kama mahakama, wakili, daktari au ustawi wa jamii. Sisi tulipitia ustawi wa jamii. Afisa, mama mtu mzima, aliweka kalamu chini akatuuliza, "Majibu yakija, kila mmoja wenu atafanya nini?" Mume wangu hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo, sikulisema.

Sampuli yenyewe ni kitu kidogo mno. Kijiti chenye pamba kikapitishwa ndani ya shavu langu, kisha la baba, kisha la mtoto. Zuhura alidhani analishwa, akakibana kwa ufizi, akanyonya. Nikaona jicho la baba yake linalengwa na machozi.

Majibu yalirudi kupitia ofisi iliyotutuma: ni baba yake, zaidi ya asilimia 99.9. Akapiga magoti pale pale ofisini. Mimi nilisimama nimeshika mkoba, moyo baridi kabisa. Karatasi ilikuwa imejibu swali lake. Langu, kwamba miezi minne yote alilala karibu yangu akiniona mzinzi, karatasi haikuligusa. Anayewaambia kwamba kipimo kinaponya ndoa hajawahi kusimama nilipokuwa nimesimama mimi.

Kilichonifungua macho kilikuja baadaye. Baba mdogo wa mume wangu alitoka upande wa Farkwa, na galoni la asali, kumwona mjukuu. Alimpokea Zuhura, akamgeuza uso kuelekea mlangoni penye mwanga, akanyamaza sana. Halafu akasema, "Mama amerudi." Akamaanisha mama yake mzazi, bibi wa mume wangu, Msandawe wa huko Farkwa. Wasandawe ndio wale wenye lugha ya vidoko, sauti za kugonga ulimi, na wengi wao ni maji ya kunde, wenye macho yaliyokunjwa kwa juu kama ya mwanangu.

Nikamgeukia mama mkwe. Aliolewa katika nyumba ile, alimchotea maji bibi yule mpaka akafa. Alikuwa anajua. Akasema polepole, "Hayo mambo ya kwa bibi hatukuwa tunayasema." Walikuwa wanaona aibu kusema kwamba ndani ya ukoo kuna damu ya Wasandawe, watu waliozoea kuwaita wa porini. Wakaona afadhali wamtafute Mchina kwenye uso wa mtoto kuliko kumtaja bibi yao.

Hilo ndilo ninalowasihi. Rangi ya ngozi haibebwi na kinasaba kimoja, inabebwa na vingi, na mtoto anaweza kuchukua kwa mababu kile ambacho wazazi hawakionyeshi. Huko Afrika Kusini, Sandra Laing alizaliwa 1955 na wazazi Makaburu, mwenyewe akiwa na ngozi ya kahawia na nywele za kipilipili. Mwaka 1966 shule ya wazungu ilimfukuza na serikali ikamwandika si mzungu, ingawa baba yake alipimwa damu na kipimo hakikumkatalia ubaba. Shaka ya namna hii haichagui kabila wala utajiri. Basi wanaume, kabla hamjahesabu miezi na zamu za kazini, waulizeni wazee wenu sura za bibi zenu wote wawili, na za mama zao. Wazee nanyi semeni. Msimwache mkamwana aungue kwa ajili ya jina mnaloona aibu kulitaja.

Na wewe dada wa Dodoma: kupima si kukiri. Mwambie mumeo aseme swali lake kwa sauti kwanza, ajue limekuumiza, ndipo mwende mkiwa pamoja. Ukienda ukiwa umenyamaza utarudi ukiwa umenyamaza, na karatasi mkononi.

Zuhura sasa anasoma shule ya msingi. Rangi imepanda, macho yamebaki ya Farkwa. Majibu yapo kwenye bahasha ya kaki, pamoja na kadi yake ya kliniki. Siku moja atayakuta, na tumekubaliana kwamba kabla hajayakuta ataambiwa. Mimi sitakuwa msemaji. Baba yake amekubali kwamba atakayemwambia ni yeye.