Shangazi Cherehani: gauni la Paris lisilo na zipu lilishikwa na nini?

Shangazi habari za kazi. Mimi fundi hapa Kiyembe, Kampala. Kastoma kaniletea picha kwenye simu, gauni la jioni la Paris la mwaka 1905 hivi, mabega karibu wazi, lesi tele, mkia mrefu nyuma, anataka la hivo hivo kwa kasuze katya (sherehe ya Kiganda ya bibi harusi) ya dada yake. Zipu siioni popote. Nimeshona la kwanza linashuka kila akitembea. Wenzetu walifanyaje?

Fundi pole na kazi. Zipu huioni kwa sababu haikuwepo, kwenye magauni ya fasheni zipu zimeingia miaka ya 1930. Na la kwako linashuka kwa sababu umelitundika kifuani, wao walilitundika kiunoni.

Ukipata picha za gauni la Worth (nyumba ya Mwingereza aliyefungua duka Paris 1858, kufikia 1905 wanawe ndo wanaiendesha) au la wale dada wa Callot Soeurs walioanza 1895, achana na lesi, tafuta picha ya ndani. Pale ndo kuna kazi. Mara nyingi juu na sketi ni vipande viwili, na kile cha juu kina bitana iliyokatwa vipande vingi vya kufuata mwili, kila mshono umetiwa kijiti, cha chuma au cha ule utando mgumu wa mdomoni mwa nyangumi, alafu kiunoni kuna utepe mgumu usiovutika, umeshikizwa kwenye mishono michache tu, sio kuzunguka kote, na huo ndo unafungwa wa kwanza kabisa. Ukishakaza kiuno uzito wote umetua pale, mabega hayana kazi. Kisha inafungwa bitana kwa kulabu na vijicho vyake, kisha lesi ya juu nayo inafungwa peke yake kwa kulabu ndogo zilizofichwa kwenye mikunjo, ndo maana kwenye picha huoni mlango. Kujivalisha peke yako sahau, lazima awepo mtu nyuma yako, na koseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, iko chini ya vyote hivo.

Sasa wewe fanya hivi: kata utepe mgumu, upime kiuno cha huyo nyabo (mama) ukiwa umekaza kidogo, shikiza kwenye mishono ya pembeni na ya nyuma, weka kulabu mbili kubwa. Mkia wa sketi nao uning'inie kiunoni, usiuache uvute kifua. Na usikate kitambaa cha kastoma kabla hujashona la majaribio kwa amerikani, hata Paris walikuwa wanaanza na pamba rahisi, wanalipachika mwilini kwa pini, wanachora, wanafumua, ndo wanagusa hariri. Fundi yeyote wa gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, haya anayajua mikononi bila kuambiwa: mabega ya gomesi yamesimama vizuri lakini kitambaa chote kile kinabebwa na mshipi. Tena watu husimulia kwamba Gomes yule fundi Mgoa alianza kuishona 1905, mwaka huo huo wa picha yako.

Shangazi, nashona shanga kwenye magauni ya sherehe hapa Mbale. Uzi ukikatika sehemu moja mstari mzima unamwagika. Zile za Paris mbona zimekaa miaka mia?

Zingine nazo zinamwagika dada, usidanganyike. Wafaransa walikuwa na sindano yenye ndoano, ya Lunéville, mji ulioko mashariki mwa nchi yao. Kitambaa kinavutwa kwenye fremu, mshonaji anafanya kazi upande wa nyuma, shanga zishatungwa kwenye uzi na zinakaa chini asikoziona, yeye anavuta tu mnyororo mmoja baada ya mwingine. Ni haraka kuliko sindano ya kawaida ila mnyororo ukikosa fundo mwishoni unafumuka wote. Kwa hiyo piga fundo kila baada ya kipande kifupi, usingoje mwisho wa ua. Na gauni la shanga usilitundike kwenye hanga, litajichana mabegani kwa uzito wake.

Eti ni mwanaume aliyeondoa koseti? Tumebishana na mke wangu, yeye anakataa. – Ssebo (bwana) wa Jinja

Paul Poiret, dizaina wa Paris, alijisifia hivo, kuanzia 1906. Lakini Madeleine Vionnet, dizaina mwanamke, naye alisema ni yeye, alipokuwa akifanya kazi kwa Doucet, nyumba nyingine ya fasheni Paris. Mimi niko upande wa mkeo, maana huyo Poiret baadae akaleta sketi za kubana miguu hadi mwanamke anatembea kwa vihatua.

Shangazi, soko la Owino Kampala kwenye mivumba (mitumba) nimepata gauni la hariri la zamani, lebo ya Paris, linapasuka lenyewe kwenye mikunjo. Nilifue?

Usilitie maji kabisa! Hariri mbichi ikichemshwa kutoa ule ute wake inapoteza kama robo ya uzito, na kwa vile iliuzwa kwa kupima, wenye viwanda wakawa wanairudishia uzito kwa chumvi za bati. Inadondoka vizuri, inaita shwaa ukitembea, lakini miaka ikipita inachanika yenyewe kwa mistari, hakuna sindano ya kuiponya. Na kama kuna puleki angalia zaidi, nyingi za miaka ya 1920 ni za jelatini, zinayeyuka. Lilaze kwenye boksi, mikunjo uijaze karatasi nyeupe laini.

Lebo peke yake isikupe presha. Poiret alipotembelea Marekani 1913 alikuta lebo feki za jina lake zinauzwa, na mwaka uliofuata madizaina wa Paris wakaunda chama cha kujilinda. Geuza gauni uangalie kiunoni: kuna utepe? Lebo imefumwa kwenye huo utepe au imebandikwa tu? Piga picha hapo unitumie.