Programu ya mkopo imewatumia ndugu zangu meseji za aibu

SWALI: Nilikopa kwa simu, nikachelewa siku nne. Sasa mama mkwe na mwajiri wangu wametumiwa picha yangu yenye neno “tapeli”. Nianzie wapi? – Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Pole, dada. Usifute programu kwanza. Fungua mipangilio ya simu, piga picha ya skrini inayoonyesha ruhusa ilizochukua: majina ya simu, picha, meseji. Piga pia masharti ya mkopo, kisha ndipo uzifunge ruhusa hizo.

Meseji alizopokea mama mkwe zibaki kwenye simu yake. Hapa ndipo wengi huharibu: anakufowadia, kisha anafuta. Iliyofowadiwa inaonyesha imetoka kwake, si kwa mkopeshaji, na saa imebadilika. Picha ya skrini ionyeshe namba yenyewe, tarehe na saa, bila kukatwa kingo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime ujumbe ulitunzwaje na mtumaji alitambuliwaje, kwa hiyo simu halisi ina uzito kuliko karatasi.

Malalamiko yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022. Vitisho na matusi, ripoti polisi. Angalia pia kama programu imo kati ya 69 zilizotajwa na Benki Kuu Novemba 2024 kuwa hazina leseni.

Deni, hata hivyo, halifutiki kwa kulalamika. Ukilipa, tunza risiti ya muamala.