Viatu vya Warhol na Vibao Nilivyovichana

Wiki iliyopita kijana mmoja anayechora vibao vya saluni na maduka ya dawa aliniandikia akiuliza kama aziondoe kazi hizo kwenye jalada lake kabla ya kulipeleka kwenye jumba la sanaa. Swali lake lilinichoma. Mimi sikuziondoa, na msimamizi wa jumba moja, alipokutana na kibao cha kinyozi katika ukurasa wa pili, alilifunga jalada na kuniambia kwa upole kwamba pale hawapokei mafundi wa matangazo. Jioni ile nilizichana picha zote za vibao vyangu.

Mwanzoni mwa 2019 nilibahatika kufika New York wakati Jumba la Whitney lilipokuwa na maonyesho ya kazi za maisha yote ya Andy Warhol, msanii mashuhuri wa Marekani, zaidi ya 350. Wengi walizikimbilia turubai 32 za makopo ya supu ya Campbell's za mwaka 1962. Mimi nilikwama kwenye viatu, yaani michoro ya miaka ya 1950, alipokuwa akijipatia riziki kwa kuchora matangazo, yakiwemo ya viatu vya I. Miller. Ukisogea karibu unaona mstari unaokatika na kuacha vidoa, kwa kuwa alichora kwa wino kwenye karatasi moja, kisha akaigandamiza juu ya nyingine kabla wino haujakauka. Nilipozifikia picha alizochapa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, niliutambua mkono uleule: kunakili, kurudia, na kuliacha doa lilipoangukia.

Mwaka 1956 Warhol alilizawadia jumba la MoMA, yaani Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, mchoro wa kiatu. Waliukataa, wakamwandikia aje auchukue. Mwaka 1989, miaka miwili baada ya kifo chake, jumba hilohilo lilimwandalia maonyesho ya kazi za maisha yake yote. (Kusema kweli, habari hiyo ilinifurahisha kuliko inavyostahili.)

Basi, ndugu yangu, usiziondoe, wala usizisukumie nyuma ya jalada. Kila kibao kipige picha kabla jua na mvua havijakila, uandike na mwaka. Msanii anayeionea haya kazi iliyomlisha huishia kuiga mikono ya watu wengine, na hilo huonekana upesi mno. Nasema kwa ukali kwa sababu saluni ile imekwisha kuvunjwa, na ya kile kibao cha kinyozi sina hata picha moja.