Msanidi programu hageuki mkandarasi kwa kubadilishiwa jina la mkataba

SWALI: Nasimamia rasilimali watu katika kampuni changa ya programu za simu, Dar es Salaam. Mshauri ametuandikia mikataba mipya: wasanidi wetu wote wawe wakandarasi huru, walete ankara kila mwezi, tuachane na NSSF na likizo. Kazi itaendelea vilevile: kikao saa tatu asubuhi, laptopu za ofisi, ruhusa wanaomba kwangu. Anasema ndivyo kampuni za teknolojia zinavyopata wepesi. Tusaini?

JIBU: Msisaini. Na kama mmeshamlipa, mdaini hela yenu.

Mikataba ya aina hii naletewa kila mara, na karibu yote ni kiolezo kilekile kilichobadilishwa jina la kampuni. Mmoja ulikuwa bado na kifungu kinachosema mgogoro utaamuliwa na mahakama za California! Huko kwenyewe, tangu 2020, anayemwita mtu mkandarasi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba si mwajiriwa.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba mtu ni kile alichoitwa kwenye karatasi. Sheria yetu ya Taasisi za Kazi ya 2004 inatazama kazi inavyofanyika. Nani anampangia saa? Vifaa ni vya nani? Anategemea kipato cha nani? Kigezo kimoja tu kikionekana, huyo anahesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo. Ninyi mnavyo vitatu, na umeviorodhesha mwenyewe.

Wakubwa nao yamewakuta. Microsoft iliwahi kuwaita watu wake wakandarasi huru huku wakifanya kazi bega kwa bega na waajiriwa. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilipokagua ikasema hao ni waajiriwa, na kesi waliyofungua wafanyakazi hao ikaishia mwaka 2000 kwa makubaliano ya dola milioni 97.

Wepesi mnaoutaka upo ndani ya sheria. Wataalamu wanaruhusiwa mkataba wa muda maalumu. Mtu anaweza kuanza saa nne, au kufanyia kazi nyumbani kwake Morogoro, na michango yake ikaendelea kwenda.

Lakini hilo halina soko kwa makanjanja wanaozunguka na violezo, maana wao wanauza namna ya kukwepa. Wateja wao huja kwangu baada ya msanidi mmoja kuugua. Sheria inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili. "Mkandarasi" anaambiwa hana hata moja, naye anakwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi. Wito unaandikwa jina la kampuni. NSSF nao wanataka asilimia 20 ya mshahara kwa miezi yote iliyorukwa, pamoja na adhabu, na mshauri hapokei simu.