Ukienda kukagua shirika la ndege, anza na rubani mdogo

Nikiletewa mkaguzi mgeni nimfundishe kazi, jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba tukifika kwenye shirika asikimbilie kabati la miongozo. Miongozo karibu yote imeandikwa vizuri. Mingine imenunuliwa ikiwa tayari, ikabadilishwa jina la shirika basi. Amtafute rubani msaidizi mwenye cheo cha chini kuliko wote, wakae wawili tu.

Wawili tu, nasisitiza. Kuna shirika tulimhoji msaidizi kapteni wake akiwa pembeni. Kila nikiuliza, macho yanakwenda kwa kapteni kwanza ndipo jibu linakuja, tena linaanza na "kama kapteni alivyosema". Na kwenye faili la kijana yule mafunzo yote ya ushirikiano ndani ya chumba cha marubani yalikuwepo, yamesainiwa na kugongwa muhuri.

Usimuulize kama anaruhusiwa kumpinga kapteni. Atasema ndiyo, maana ndivyo alivyofundishwa kujibu. Muulize mara ya mwisho alipomwambia kapteni waache kutua wazunguke upya ilikuwa uwanja gani, kapteni alisemaje, na ratiba yake ya safari ilikaaje baada ya hapo. Kwenye ratiba ndiko watu wanakoadhibiwa bila kuandikiwa barua.

Maswali haya si udaku. Desemba 22, 1999, ndege ya mizigo ya Korean Air aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Stansted, Uingereza, usiku. Kifaa cha kapteni cha kuonyesha ndege imelala kiasi gani kilikuwa kibovu. Cha msaidizi kilikuwa kizima. Kengele ya kuonya kwamba vifaa viwili havikubaliani ililia, na mhandisi wa ndege akatamka kwamba ndege inalala. Msaidizi, ambaye mbele yake alikuwa na kifaa kinachosema kweli, hakusema kitu wala hakushika usukani. Haikufika dakika moja tangu waruke, ndege ikaanguka na wote 4 wakafa.

Wengi wakisikia hayo hukimbilia kusema ndiyo matatizo ya mataifa yanayoheshimu wakubwa kupita kiasi. Mimi hapo huwa nawauliza kuhusu Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ambako Machi 27, 1977 ndege mbili za abiria ziligongana kwenye njia ya kurukia. Kapteni wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka, ya shirika la KLM, alikuwa Mholanzi, na Waholanzi hawasifiki kwa kuwaogopa wakubwa. Lakini alikuwa mkufunzi mwenye jina kubwa katika shirika lake. Ndani ya ukungu, mhandisi wake aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan American, haijatoka kwenye njia ya kurukia. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza tena, na watu 583 wakafa. Sisi tuliolelewa kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" tuna mzigo wetu, sikatai, ila cheo kinaziba midomo popote. Tena inazibuka: Wakorea walibadilisha mafunzo na usimamizi, na tangu Stansted shirika lile halijapata ajali ya kuua abiria.

Sasa sheria za kimataifa zinaingia wapi? Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa anga, una nchi wanachama 193 na viambatisho 19. Kiambatisho cha 19 ndicho kinachodai usimamizi wa usalama, pamoja na kumlinda anayeripoti kasoro. Kifungu cha 38 cha mkataba wenyewe kinaitaka nchi isiyofuata kiwango fulani iiarifu ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Lakini ICAO haina askari, na inapokagua, inakagua serikali, si shirika la ndege. Shirika linabaki mikononi mwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yenyewe, na utamaduni uleule wa chumba cha marubani unaweza kuwa umekaa ofisini humo. Mkaguzi kijana anamkagua kapteni aliyekuwa mwalimu wake, au mkurugenzi anayetarajia kumwomba kazi mwakani kwa sababu huko mishahara ni minono. Akipata kasoro kubwa, ataiandika kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo ukitumwa kuiangalia mamlaka, omba faili la kasoro zilizofungwa, usipoteze siku kwenye zilizo wazi. Angalia kila moja ilifungwa kwa ushahidi au kwa barua ya shirika yenye ahadi tu, na kama mkaguzi alirudi kuitazama kwa macho yake. Ukikuta ndege ilizuiwa asubuhi ikaachiwa jioni bila karatasi ya fundi, uliza ni nani aliyepiga simu, na mkaguzi aliyeizuia yuko idara gani sasa.