Maswali ya Wasomaji: Muscadet ya Bei Nafuu Inaonjwaje?

SWALI: Nilinunua chupa ya mvinyo mweupe, Muscadet Sèvre et Maine sur lie, kwa euro 8, nikaitoa kwenye friji na kuifungua papo hapo. Puani sikupata kitu, ila limau kwa mbali. Mdomoni ikawa kali tu. Chupa ni mbovu, au mimi ndiye nisiyejua kuonja?

JIBU: Chupa huenda haina kosa lolote. Tatizo ni baridi, na pengine ulitarajia kitu ambacho mvinyo huu hauna. Muscadet hutengenezwa kwa zabibu za Melon de Bourgogne, zinazolimwa kuzunguka Nantes, magharibi mwa Ufaransa, pale mto Loire unapokaribia Atlantiki. Zilienea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuangamiza mizabibu mingi, kwa sababu zilistahimili. Hazikupata nafasi yao kwa manukato. Wengi huzichanganya na Muscat, lakini Muscat ni zabibu nyingine kabisa, yenye harufu tele ya maua. Anayeipima Muscadet kwa pua ataidhulumu. Hukumu yake iko mdomoni, kwenye uchachu, uzito na ladha inayobaki ukishameza.

Friji huipoza hadi nyuzi 4 au 5. Katika baridi hiyo, hata harufu kidogo iliyopo hairuki, uzito hujificha, na uchachu pamoja na uchungu ndivyo hutawala. Iache nje dakika 20 hadi 30 ili ikaribie nyuzi 10. Kama chupa ilikuwa kabatini, itie kwenye ndoo yenye nusu maji, nusu barafu na konzi ya chumvi kwa dakika 15 hadi 20. Barafu tupu huchelewa, maana vipande vyake hugusa chupa sehemu chache tu.

Tumia glasi yenye tumbo na mdomo uliobana. Mimina kama mililita 50, usizidishe, la sivyo utakapoizungusha itamwagika na harufu haitapata pa kukusanyika. Nusa kwanza bila kuitikisa, kisha izungushe na unuse tena. Utakachopata ni limau, epo bichi, pengine unga wa mkate. Inatosha, endelea.

Sasa chukua funda dogo, kama kijiko kimoja cha mezani. Lipitishe juu ya ulimi, chini yake na kwenye fizi kwa sekunde tano au zaidi, vuta hewa kidogo kupitia midomo, ndipo umeze au uteme. Angalia mambo matatu. Kwanza mate: uchachu mzuri huyafanya yajae pembeni mwa ulimi, lakini hauunguzi koo. Pili uzito wa katikati. Hapo ndipo maneno «sur lie», yaani «juu ya mashapo», yanapolipa bei yake. Mvinyo umekaa majira yote ya baridi juu ya mashapo ya chachu iliyokufa, na chembe hizo zinapovunjika huachia viambata vinavyoupa unono kidogo na ladha ya mkate. Usipouhisi, yaani maji kisha uchachu kisha basi, mtengenezaji alivuna zabibu nyingi mno kwa kila mzabibu au aliharakisha. Tatu ni mwisho wake: hesabu kimyakimya baada ya kumeza. Ikipotea kabla ya tatu, hiyo ni Muscadet ya kukata kiu tu. Ikifika nane na kuacha uchungu mwembamba wenye chumvichumvi, kwa euro 8 umenunua vizuri sana. (Wapo watakaosema chumvi hiyo imepanda kutoka kwenye mawe ya shamba. Mizizi hainyonyi ladha ya jiwe, tusipotezeane muda.)

Ukitaka kuuelewa unono huo haraka, nunua Muscadet ya kawaida na nyingine ya sur lie za mwaka mmoja wa mavuno, uzionje kwa zamu zikiwa na baridi sawa. Tofauti utaipata funda la pili.

SWALI: Muuzaji ananiambia mvinyo huu unatoka kwa familia inayolima yenyewe. Lebo inaweza kuthibitisha?

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tafuta maandishi madogo, kwa kawaida nyuma ya chupa. «Mis en bouteille au domaine» au «au château» yanaonyesha kuwa mvinyo ulitiwa kwenye chupa palepale shambani. «À la propriété» ni legevu zaidi, kwani hata chama cha ushirika huweza kuyatumia. Herufi GAEC au EARL kabla ya jina ni aina za kampuni za kilimo, dalili nzuri ya shamba linaloendeshwa na wenyewe. Halafu tazama kofia inayofunika kizibo. Ikiwa na muhuri wa kodi wenye kichwa cha Marianne (mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa), herufi R ni ya mvunaji mwenyewe, N ni ya asiye mvunaji, yaani mfanyabiashara. Muhuri huo si lazima tena, basi ukikosekana usimshuku mtu.

Picha ya kasri na jina lenye «Père et Fils» (Baba na Wana) havithibitishi chochote. «Sur lie» nayo haisemi kama ni familia au la. Inachodai ni kwamba mvinyo umekaa juu ya mashapo wakati wa baridi, na haukutiwa kwenye chupa kabla ya tarehe 1 Machi ya mwaka unaofuata mavuno.

SWALI: Kuna vipovu vidogo kwenye glasi na chembe kama vioo chini ya chupa. Chupa ya pili ilinuka yai viza. Nirudishe zote mbili?

JIBU: Ya kwanza, hapana. Mvinyo uliotoka juu ya mashapo moja kwa moja hadi kwenye chupa hubaki na kabonidioksidi kidogo, inayochoma ncha ya ulimi. Wapenzi wa Muscadet huitafuta hiyo. Chembe ni chumvi za asidi ya tartari zinazoganda kwa baridi. Hazina madhara, mimina taratibu, acha kidogo cha mwisho.

Yai viza hutokana na misombo ya salfa, na huzuka mvinyo unapokaa juu ya mashapo bila hewa ya kutosha. Mimina kwenye jagi kutoka juu, rudia mara mbili, subiri dakika 15. Mara nyingi hutoweka. Isipotoweka, hapo una haki ya kulalamika.

Yanayostahili kurudishwa bila mjadala ni mawili. Harufu ya kadibodi iliyolowa au ukungu wa chumba kisichofunguliwa hutoka kwenye kizibo kilichochafuliwa, na huzidi kadiri mvinyo unavyopata hewa. La pili ni rangi iliyokoza kuelekea kahawia na harufu ya epo lililopondeka kwenye mvinyo wa mwaka jana tu. Huo umeingiwa na hewa. Muscadet changa inapaswa kuwa na rangi hafifu mno, ikielekea kijani.

SWALI: Nile nayo nini?

JIBU: Chaza wabichi, kwanza kabisa. Chumvi yao huupoza uchachu. Kome nao, na samaki wa kuchoma. Mchuzi wenye sukari uepuke. Utaifanya iwe kama maji ya ndimu.

SWALI: Nitaihifadhi muda gani?

JIBU: Ikishafunguliwa, irudishie kizibo na uiweke friji isimame wima, siku mbili au tatu hivi. Siku ya pili mara nyingi huwa nzuri kuliko ya kwanza, kwa kuwa hewa imeilegeza. Isiyofunguliwa, ile ya bei ya kawaida, inywe ndani ya miaka mitatu tangu mavuno, na uiepushe na mwanga.

Kama unataka ya kuweka, ongeza euro kadhaa utafute jina la Clisson, Gorges au Le Pallet kwenye lebo. Vijiji hivyo vilitambuliwa mwaka 2011, na masharti yao ni makali zaidi: Clisson na Gorges hudai angalau miezi 24 juu ya mashapo. Zinaweza kukaa miaka kumi. Usishangae kutoona «sur lie» kwenye chupa hizo. Kanuni huruhusu maneno hayo kwa mvinyo uliopitisha majira ya baridi mara moja tu.